Siku Nilipopiga Gitaa la Jembe

Nyie mnaonicheka kila tukikutana kwenye harusi, leo acheni nisimulie mwenyewe, maana naona kila anayeupeleka mkasa huu mbele anaongeza lake, na tukiendelea hivi mwakani nitasikia kwamba nilivua na suruali. Suruali sikuvua. Mengine karibu yote ni kweli, na aibu niliipata mbele ya mtaa mzima, mke wangu akiwamo. Liko jambo moja tu hamlijui, na nikilikumbuka huinamisha kichwa hata nikiwa peke yangu.

Ni miaka miwili sasa, mwaka wa tisini na moja. Nilikuwa fundi redio hapahapa Biryogo, kibanda changu kilikuwa kwenye ule uchochoro wa washonaji, meza moja, stuli mbili, na lundo la redio zilizopasuliwa matumbo. Vita vilikuwa vimeanza mpakani Oktoba iliyotangulia, na tangu hapo mji haukuwa mji tena, vizuizi njiani, vitambulisho mkononi, watu wananong'ona hata wanapouliziana bei ya nyanya. Neno ibyitso, yaani washirika wa waasi, lilikuwa linamwagwa ovyo, na likikudondokea umekwisha. Mzee Idi, mshonaji wa mbele yangu, walimchukua asubuhi moja na mita ya kupimia nguo shingoni, akarudi baada ya miezi mitano, na tangu arudi vidole vyake havifungi kwenye mkasi.

Waasi walitokea Uganda, na Uganda wanasema Kiingereza, basi sisi watu wa Kifaransa tukaanza kukiogopa Kiingereza kama kipindupindu. Nami nilikuwa na la kwangu la kuogopa zaidi ya wengine, kwa sababu dada yangu Zaina ameolewa Kampala. Barua zake nilizichoma zote, lakini dada huwezi kumchoma.

Sasa nilikuwa na rafiki yangu Viane, dereva wa mzungu mmoja wa ubalozini kule Kacyiru. Mkatoliki, amekulia Bujumbura, mpole mpaka unamhurumia. Alhamisi moja saa nane mchana akaja na kaseti ameificha kwenye soksi.

"Sikiliza hii, fundi," akasema. "Patron wangu anaichezaka kila siku mu gari, mpaka mimi nimeizoea. Lakini saa kumi narudisha. Akiikosa ataniuliza."

Ilikuwa albamu ya kwanza kabisa ya bendi moja ya roki kutoka kusini mwa Marekani, vijana wa nywele ndefu, kwenye picha wamekaa kama watu waliofukuzwa nyumba ya kupanga. Nikasema moyoni hawa hawana kitu. Nikaiweka. Jamani, mimi nimekulia kwenye rumba ya Zaire, gitaa nalijua, lakini hapo nilikuta magitaa matatu yanagombea neno moja na hakuna anayemkata mwenzake. Na mwimbaji haimbi kwa madaha, anaimba kama mtu aliyechoka kazini anakwambia ukweli wake. Nilichokipenda zaidi ni wimbo wa mwisho, unakaribia dakika kumi. Unaanza polepole, kinanda kama cha kanisani, gitaa linalia, unaweza kutongoza mtu nao, halafu katikati ngoma inakimbia na magitaa yanafunguka. Nikamshika Viane mkono nikamwambia, hawa wazungu wanajua sebene. (Kwa asiyejua, sebene ni pale kwenye rumba ambapo waimbaji wananyamaza, magitaa yanachukua, na watu wote wanaacha viti.) Hawajafika Kinshasa, hawajafika popote, na wanajua sebene. Nilitaka kulia.

Basi lazima niirekodi, na kaseti tupu wiki ile hazikuwapo Biryogo wala mjini. Juu ya meza kulikuwa na kaseti moja tu, ya Konseye.

Konseye ndiye mkuu wa sekta yetu. Jana yake alikuwa ameniletea kaseti ya hotuba kutoka prefekture, yaani ofisi ya mkoa, mashine yake imeitafuna, anaitaka Jumamosi ili watu waisikilize baada ya umuganda, ile kazi ya pamoja ya kila wiki. Nilikuwa nimeshaifungua skrubu, nikaunga utepe ulipokatika, nikaifunga. Hotuba ilikuwa upande wa kwanza, upande wa pili mtupu. Nikafikiri (na hapa ndipo shetani alipovuta stuli ya pili akakaa) kwamba nikirekodi upande ule mtupu, Ijumaa nitahamishia kwenye kaseti nyingine, nitafuta, na Konseye hatajua. Vile vidude vya juu vilikuwa vimevunjwa ili mtu asirekodi juu yake, nikaziba matundu kwa karatasi ya sigara, nikaanza na ule wimbo mrefu nisije nikaukosa, nikabonyeza.

Ijumaa kaseti nyingine sikuipata. Nikasema si kitu, wao watasikiliza upande wa kwanza tu.

Mafundi wenzangu mshajua nilipokosea. Nilipounga ule utepe nilirudisha magurudumu yake chini juu, kwa hiyo upande ulioandikwa wa pili ndio uliokuwa na hotuba, na mimi kwa haraka ya saa kumi sikusikiliza kwanza. Nilikuwa nimewamwaga wale vijana wa Marekani juu ya kichwa cha serikali.

Jumamosi tulichimba mtaro mpaka saa tano, tukakusanyika uwanjani, na kwa kuwa mimi ndiye niliyefunga spika kwenye mti wa umeme, mimi ndiye niliyeitwa kubonyeza. Nikabonyeza upande wa kwanza, na spika ikatoa ukimya. Konseye akanitazama. "Geuza," akasema. Nikageuza, na wallahi hata hapo sikuwa nimeelewa, mpaka kilipoanza kile kinanda.

Watu wakafikiri ni wimbo wa heshima kabla ya hotuba. Konseye akavua kofia. Mtaa mzima ukasimama wima, majembe begani, wazee wametoa kofia, na mimi peke yangu najua kinachokuja. Gitaa likalia kidogo, halafu yule mwimbaji akafungua mdomo, Kiingereza kitupu, kutoka kwenye spika inayosikika mpaka msikitini.

Nilirusha mkono kuzima, Konseye akaushika. "Acha," akasema polepole. "Acha tusikie."

Nyuma mtu akasema, "Hiyo ni redio ya wale." Hakupaza sauti, aliisema kama anayejulisha tu, na watu waliokuwa karibu yangu wakaanza kurudi nyuma, hatua moja, hatua moja, majirani niliokunywa nao chai asubuhi, mpaka nikabaki peke yangu na mashine kwenye udongo mtupu. Polisi wa komini, yaani wa wilaya yetu, alishusha bunduki begani akaishika kwa mikono miwili. Nikamwona mke wangu Mariamu ameziba mdomo kwa kanga.

"Fundi Shabani," Konseye akasema. "Hotuba iko wapi?"

"Nimekosea, Konseye. Nilirekodi juu yake. Hii iko muziki tu."

"Hawa watu wanasema nini?"

"Sijui."

"Wewe hausikii Kiingereza?"

"Hapana. Hata kidogo."

"Sasa mtu anasikilizaka namna gani kitu hasikii?"

Oneni mtego huo. Nikisema najua Kiingereza, nimekijulia wapi? Nikisema sijui, kwa nini nikifute cha prefekture niweke nisichokijua? Nilimwona Mzee Idi upande wa pili, anatazama vidole vyake.

"Nasikilizaka magita, Konseye," nikasema, sauti imekuwa ya mtoto. "Iko kama rumba ya Zaire. Wanaimba polepole, halafu inakuja sebene."

"Sebene iko wapi?"

"Inakuja."

Na haikuja. Niliwaambia wimbo ni mrefu. Nyumbani huo urefu ndio utamu wake, lakini pale uwanjani yule kijana wa Marekani aliimba ubeti, gitaa likalia, akaimba ubeti mwingine, hana haraka, hana habari na mimi. Mtaa mzima unasubiri sebene pamoja nami. Polisi akahamisha uzito wa mguu. "Inakuja," nikasema tena, hakuna aliyeniuliza. Nilisoma Ayat al-Kursi nikaisahau katikati.

Halafu ikaja. Ngoma ikakimbia, magitaa yakafunguka, na mimi sijui nini kilinipanda, nadhani ni hofu ilikosa pa kutokea ikatokea mikononi. Nilichukua jembe langu, nikaweka mpini begani na bapa tumboni, nikaanza kupiga. Napiga huku nampigia Konseye kelele, "Hii ni ya kwanza, hii ni ya pili, sikia ya tatu inaingia," vidole vinapanda na kushuka kwenye mpini, kichwa kinatikisika na nywele sina. Nikapiga goti. Nikarudi kinyumenyume kama nilivyoona wapiga gitaa wa Zaire wakifanya, nikatumbukia kwenye mtaro tuliouchimba wenyewe, na humo ndani nikaendelea kupiga.

Bibi mmoja akacheka. Akafuatia mwingine, halafu uwanja mzima ukapasuka, Konseye ameshika magoti, hata polisi ameirudisha bunduki begani ili ajifute machozi. Nyie mnadhani nilikuwa mwehu wa muziki siku ile. Nilikuwa naogopa kuacha. Niliona kwamba wakiacha kucheka watakumbuka walichokuwa wanakifikiri, na magitaa yale hayakwisha leo wala kesho, nikapiga mpaka ngozi ya kidole ikatoka.

Mnapoishia nyie ni hapo. Ngojeni nimalizie.

Muziki ulipokwisha Konseye alinipa mkono akanitoa mtaroni, bado anacheka, akanifuta matope begani kama baba. Akauliza, kwa upole kabisa, "Na kaseti uliitoa kwa nani?"

Nikasema, "Viane. Dereva. Wa Kacyiru." Konseye hata hakuwa amefunga mdomo. Nikaongeza kwamba amekulia Bujumbura, nje ya nchi kama waasi wenyewe, ambalo hakuna aliyeliuliza. Nilitaka swali liishie kwa Viane, lisisogee likafika Kampala.

Walimchukua Jumatatu. Siku nne. Mimi siku hizo nne sikufungua kibanda, nililala na viatu, kila gari lililosimama barabarani niliona limenifuata, na aibu yangu ni kwamba wakati mwingine nilijiogopea mimi, na yeye nikawa nimemsahau kabisa.

Ijumaa akaja kibandani. Kazi ilikuwa imekwisha, mzungu wake hakutaka matatizo. Wamemnyoa kichwa, shati linamning'inia. Akakaa kwenye stuli.

"Walikupiga?" akaniuliza. Yeye ndiye aliyeniuliza mimi.

"Hapana."

"Walikutisha?"

"Walikuwa wanacheka," nikasema.

Akaitikia kwa kichwa taratibu, kama mtu anayepewa bei na kuikubali. Nikamuuliza wao walimtaka nini. Akasema walitaka majina, watu anaowapelekea kaseti, siku zote nne ni hilo tu.

"Ukawataja nani?"

"Nilisema mimi najua tu kuendesha gari," akasema Viane, akaniomba maji.

Alirudi Bujumbura mwezi ule, na hatujaandikiana. Kwa hiyo kurekodi juu ya kaseti ya mtu niliapa sitarekodi tena, na hicho ni kiapo rahisi, kibanda chenyewe nilikiuza. Kigumu ni kingine. Nimeapa kwamba siku nyingine nikiulizwa jina la mtu, angalau waniulize mara mbili. Mji wenyewe mnauona unavyokwenda, wanaouliza majina wanazidi kuwa wengi. Sijui kama nitaweza, na namwomba Mungu asinijaribu upesi.