Ngolo za Nyumba ya Vigae

Nyumba ya vigae ilikaa pembezoni mwa mji wa Mbinga, chini ya mteremko, na baraza pande tatu. Mzungu wa kahawa aliijenga kwa matofali ya kuchoma. Uhuru ulipokuja akaondoka, nyumba ikawa ya serikali. Mimi na mama tulibaki kwenye kijumba cha uani, kwa kuwa marehemu baba alikuwa mpishi wake. Nilikuwa nauza dagaa wa Lituhi sokoni, na kwa mazoea ya biashara nilikwisha kuihesabu: milango tisa, madirisha kumi na moja, dohani moja iliyoinama kama mlevi anayejifanya mzima. Jua likipiga vigae baada ya mvua, nyumba nzima ilinukia chungu kipya.

Siku moja akahamia humo ofisa kijana kutoka mkoa wa mbali, kaagizwa pia aiandike katika orodha ya majengo ya kutunzwa. Akazunguka na karatasi yake. Nyuma ya nyumba, mama alikokuwa akipalilia, akasimama.

"Mama, nani kachimba mashimo haya? Yanaharibu sura ya jengo. Kesho yafukiwe, tupande maua."

Zilikuwa ngolo za mama: mashimo yaliyopangwa mteremko mzima, maharage yakiota kwenye kingo. Mvua hutulia humo, haishuki. Mama hakuinua kichwa.

"Fukia, mwanangu. Ila vitanda uvitoe kwanza."

Akacheka. Mimi sikucheka, kwani nyumba ile ikibebwa na maji, kijumba chetu kinaifuata. Nikaanza kupatana naye kama niko sokoni.

"Bwana ofisa, fukia upande wa chumba chako. Huu wetu uache mpaka mvua ya kwanza."

"Nusu?"

"Nusu. Hapo sishuki tena."

Akakubali, akafukia.

Mvua ilikuja mchana, yeye yupo mezani. Upande wetu maji yalikaa kwenye mashimo kwa adabu. Upande wake tope liliingia kwa mlango wa nyuma, likatokea barazani, likiongozwa na kiatu chake cha kushoto.

Akaja uani, suruali kaikunja magotini. "Shikamoo, mama." Ya kwanza tangu afike.

"Marahaba. Jembe liko nyuma ya mlango."

Alichimba siku nne, mama akimrudisha kila mstari uliopinda. Kisha akaleta orodha yake, akaisoma kwa sauti: milango tisa, madirisha kumi na moja, dohani moja, ngolo arobaini na mbili.

"Arobaini na tatu," nikasema.

Tukahesabu upya, mara mbili. Moja alikuwa kasimama ndani yake. Akaiandika.