Pasi ya Saa Kumi na Moja

Chiii. Kimya kidogo, halafu tena: chiii. Huo ndio mlio ulioniamsha kila alfajiri katika nyumba yetu ya kupanga, Kyebando. Ilikuwa pasi ya Baba ikipita juu ya shati lake la kazi. Kati ya kitanda changu na meza yake palikuwa na pazia tu, kwa hiyo niliusikia kama uko sikioni mwangu. Wala sikuuchukia. Nilipokuwa mdogo nilidhani pasi inamnong'oneza habari, na nilifurahi kwamba yeye, mtu wa maneno machache, amepata wa kuongea naye.

Baba alikuwa mwanajeshi. Alitoka kaskazini akiwa kijana, akazunguka na kambi, na ndiyo maana sisi nyumbani tuliongea Kiswahili wakati majirani wote wanaongea Kiganda. Alipostaafu, mimi nikiwa bado mdogo, aliajiriwa na kampuni moja ya ulinzi, akawekwa kwenye geti la ghala huko Nakawa. Lakini jeshi halikumtoka. Mgongoni mwa shati lazima pawe na mistari miwili ya pasi, iliyonyooka kama imechorwa kwa rula. Mama, ambaye aliuza nyanya mbele ya nyumba, alikuwa akimtania kila asubuhi.

"Wewe mzee, unaenda kulinda geti ama unaenda kuoa?"

"Geti pia lina macho," Baba anamjibu, anavaa kofia, anaondoka.

Mimi shule nilikuwa nimeishia senia ya tatu, yaani kidato cha tatu. Shangazi yangu wa Kansanga alinipa cherehani yake ya zamani iliyofungwa mota, na tangu siku ile nilikuwa natembea huku naota. Niliona chumba chenye kioo kikubwa mbele, na magauni ya harusi yamesimama ndani, na watu wanapunguza mwendo ili watazame. Ukweli ni kwamba nilikuwa nikipunguza suruali za majirani na kubadilisha zipu. Lakini ndoto haina haja ya kusubiri, si ndiyo?

Shida ilikuwa umeme. Mita yetu ni ile ya kununua kabla ya kutumia, na namba zake zilikuwa zinashuka mbio. Jioni moja giza likatukamata tunakula. Mama akaweka sahani chini.

"Tangu hiyo mota iingie hapa, hatupumui. Sikia vizuri. Umeme ukiisha tena kabla ya huu mwezi kuisha, cherehani inarudi kwa shangazi yako. Na wewe unaifuata, ukaoshe sahani kwenye hoteli yake."

Mama hakuwa mtu wa kutishia bure. Usiku ule niliona magauni yangu yote ya harusi yakielea kwenye beseni la sahani chafu.

Asubuhi nilianza kazi. Nilihamishia cherehani mlangoni ili nishone kwa mwanga wa jua, nikaacha kuwasha taa mchana. Balbu ile ya zamani, ambayo ukiigusa unaungua, niliitoa nikaweka ya kisasa. Friji ilikuwa imebanwa ukutani mpaka mgongo wake unachemka, nikaivuta ipumue. Halafu nikafungia kipande cha karatasi kwenye mlango wake, nikavuta. Kikatoka bila kushikwa, maana yake mpira umejaa uchafu na baridi inatoroka. Niliusugua kwa maji ya sabuni mpaka ukaanza kuishika karatasi. Mama aliniangalia akiwa na nyanya mkononi.

"Banange, jamani, tumezaa injinia!"

Lakini namba ziliendelea kushuka. Bahati yangu, fundi wa umeme alikuja kwa jirani, nikamuuliza. Aliniambia jambo dogo sana: pale kwenye mita kuna taa nyekundu inayokonyeza. Zima kila kitu, halafu washa kimoja kimoja. Kinachofanya taa ikonyeze haraka, huyo ndiye mlaji wako.

Nilichukua kiti nikakaa mbele ya mita kama niko sinema. Niliwasha mota na kukanyaga. Nikahesabu polepole, nikapita thelathini kabla taa haijakonyeza. Friji ilikuwa karibu hivyo hivyo. Nikawasha pasi. Moja, mbili, tatu, ikakonyeza. Moja, mbili, tatu, tena. Na Baba alikuwa anapiga pasi nusu saa nzima, kila siku, kwa shati moja na suruali moja!

Nilifurahi kwamba sio mota yangu. Furaha yenyewe haikufika jioni. Nani atamwambia yule mzee kwamba mlaji ni yeye?

Nikaona nitumie akili. Usiku nilitandaza suruali yake chini ya godoro langu, nikailalia, nikiamini itaamka imenyooka. Alfajiri badala ya chiii nilisikia sauti ya gwaride.

"Nani amelalia suruali yangu?"

"Mimi, Baba. Nilikuwa naisaidia pasi."

"Umechora ramani ya Uganda hapa. Ona, hata ziwa liko." Mama alicheka mpaka akakaa. Baba hakucheka. "Lete ripoti."

Basi nikatoa ripoti yote: mita, taa nyekundu, moja mbili tatu. Alisikiliza amesimama wima, kama mbele ya mkubwa wake.

"Kwa hiyo adui ni mimi."

"Sio wewe, Baba. Ni pasi."

"Pasi haijiwashi yenyewe," alisema, akaichomoa.

Alfajiri iliyofuata hapakuwa na chiii. Wala iliyofuata, wala ya tatu. Namba za mita zilitulia, Mama akatulia, mimi nikashona huku naimba. Nilijiona nimeiokoa nyumba.

Siku ya nne nilienda soko la Nakawa kutafuta vifungo, na njia ikanipitisha karibu na lile ghala. Nilimwona Baba kabla hajaniona. Alikuwa amesimama na mgongo ameubandika ukutani, mikono ameikunja kifuani. Gari likaja. Baba niliyemjua alikuwa anapigia kila gari saluti mpaka madereva wanatabasamu. Huyu alifungua geti akitembea kiubavu, uso kwa gari muda wote, kama kaa, na mkono aliuinua nusu tu. Nilielewa baada ya gari kupita. Hakutaka mtu aone mgongo wa shati lake.

Niliinama nyuma ya lori lililoegeshwa, nikajifanya nafunga kamba za kiatu. Nilikuwa nimevaa ndala.

Jioni nilikaa nikamwangalia kwa macho mengine. Alirudi, akavua shati, akalifua kwenye beseni, akalitundika nyuma ya mlango. Jambo hilo nilikuwa nimeliona maisha yangu yote. Alfajiri niliamka kabla yake nikalishika. Kola ilikuwa mbichi, mifuko mibichi. Nikasimama pale gizani nimeshika kola, na ule mlio ukanirudia. Kumbe chiii ilikuwa maji! Pasi haikuwa inanyoosha, ilikuwa inakausha. Nusu saa yote ile tulikuwa tunalipia umeme ufanye kazi ambayo jua linafanya bure, kwa sababu shati linafuliwa jioni na kuvaliwa asubuhi. Na siku hizi zote ambazo mimi naimba, baba yangu alikuwa anatoka nyumbani na shati bichi mwilini.

Aliponikuta pale nilimuuliza, "Baba, kwa nini hukusema kwamba una sare moja tu?"

"Walisema ya pili inakuja." Alilichukua shati mkononi mwangu, polepole. "Na wewe, kwani ulikuwa huoni?"

Hakusema kwa hasira. Angekasirika ingekuwa nafuu.

Siku ile ile nilienda Kiyembe, kule kwenye vitambaa, nikiwa na kipande nilichokata ndani ya pindo la suruali yake, nikakilinganisha duka kwa duka mpaka nikapata rangi ile ile. Baba naye alimuuliza supavaiza wake kama anaweza kuvaa sare ya kushonwa nyumbani, akajibiwa kwamba hakuna neno, mradi rangi ifanane na beji iwe yao. Nilishona mashati mawili na suruali moja. Mota ilinguruma mchana mzima pale mlangoni, na sikuwa nahesabu chochote. Kwenye migongo nilipitisha sindano kidogo sana pale mistari inapokaa, ili pasi ijue njia.

Baba alivaa, akageuka mbele ya Mama, mgongo kwanza.

"Haya, sasa ninaoa."

"Huyo bibi harusi namhurumia," Mama alisema, lakini alimnyoosha kola.

Tangu hapo shati lililofuliwa lilikaa juani siku nzima, wakati mwenzake yuko kazini. Pasi tuliiwasha Jumapili na Jumatano tu, mashati yote kwa pamoja, yakiwa makavu. Mwezi ulipoisha, Mama alisimama mbele ya mita muda mrefu, akizisoma namba zilizobaki. Habari ya hoteli hakuigusa. Alinirushia pazia. "Injinia, nipindie hili."

Kuna Jumapili moja naikumbuka. Baba ameenda kanisani, Mama yuko nje na nyanya zake, mimi niko peke yangu mezani. Nilipofika kwenye shati la mwisho nilichomoa waya kabla ya kulimaliza, kwa sababu pasi huwa na joto la kutosha baada ya kuzimwa. Mistari miwili ikakaa. Joto lilikuwa bado lipo kidogo. Nilichukua kitambaa chake cha mfukoni, nikakipitishia pasi isiyo na umeme, bila mlio wowote, nikakikunja mara nne, nikakiweka kwenye mfuko wa shati la Jumatatu.