Kifo Hakili Fisi

Kwa nini yeye, si mimi? Tulilala kitanda kimoja, mimi na kaka yangu Mwangi na mdogo wetu, chini ya blanketi lililonuka moshi wa mkaratusi na dawa ya kamfa ambayo mama alimsugua nayo mtoto kifuani. Ukungu wa kijiji chetu, Wamagana, ulipenya kwenye nyufa za mbao ukatugusa sote. Moshi wa jikoni tuliuvuta sote, na uji tuliunywa kutoka sufuria moja. Mimi na Mwangi tulipata makamasi, tukayafuta kwa mikono ya sweta, tukaenda shule. Yeye alipata nimonia, akapona, akapata tena. Nilikuwa msichana wa miaka minane hivi, katikati ya miaka ya tisini, na swali hilo nililibeba kila mahali kama mwiba kwenye kisigino. Mwalimu wa shule ya Jumapili aliniambia kwamba Mungu huwajaribu anaowapenda. Nikamuuliza, "Na mimi hanipendi?" Akanijibu, "Wewe kaa chini. Mdomo wako ni kama redio."

Kwetu mtoto hatafutiwi jina, jina ndilo linalomsubiri. Mvulana wa kwanza ni wa babu mzaa baba, wa pili ni wa babu mzaa mama, na hakuna anayeuliza kama linampendeza. Ndiyo maana mdogo wetu alizaliwa akiwa tayari Gathogo, kama babu yetu wa upande wa mama. Miezi yake ya kwanza alikuwa mnene, mashavu yakining'inia, na wageni walipokezana naye kama kibuyu cha uji. Alipoanza kukaa mwenyewe ndipo kikohozi kilipoanza. Nakumbuka pua zake zikipanuka kama za ndama aliyekimbizwa, na ngozi katikati ya mbavu ikizama kila alipovuta pumzi. Mama alimbeba hadi dispensari, akadungwa sindano, akarudi akimchekea kila mtu njiani. Baada ya majuma machache tulikuwa tumerudi palepale. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Sisi hatukuficha chochote. Kijiji kizima kilijua, na kijiji kizima kilikuwa na maoni.

Maoni mazito zaidi yalikuwa ya cucu, mama yake baba, aliyeishi ng'ambo ya ua. Ndugu wawili wa mama yangu walikuwa wamekufa wachanga, wote kwa kifua, na cucu hakuwa mtu wa kusahau jambo kama hilo. "Kwenu mapafu ni ya karatasi," alimwambia mama, mbele yetu, huku akimenya viazi. Mama aliinama akapuliza moto ambao ulikuwa tayari unawaka. Kwa maoni ya cucu, jina lililotoka nyumba ile lilikuja na kifua cha nyumba ile. Zamani, alisema, watoto wakifa katika boma, anayefuata hupewa jina la mnyama ili kifo kimdharau kipite. Basi Jumamosi moja, bila mbuzi wala maombi, akamchukua mtoto mapajani na kutangaza kwamba kuanzia leo anaitwa Hiti, yaani fisi. Baba alianza kusema neno kuhusu ubatizo. "Wewe nyamaza," cucu akamkatiza. "Nani amewahi kusikia fisi ameliwa?"

Sharti lilikuwa kwamba asisifiwe na mtu yeyote, na jina lile la kwanza lisitamkwe tena. Wageni waliingia wakisema, "Haiya, hii kitu mbaya hivi mliitoa wapi?" Mimi na Mwangi tulifurahia sana, maana mahali pengine popote matusi yalitupatia kofi. "Masikio kama chapati!" "Kichwa kama debe!" Hiti alicheka mpaka meno yake mawili yakaonekana. Mama peke yake hakushiriki. Nyakati za kumnyonyesha, akidhani hakuna anayesikia, alimwita Gathogo, kwa sauti ya chini kabisa, mdomo wake ukiwa kwenye nywele zake.

Majuma yale yale muuguzi wa dispensari alikuwa amemwambia mama, "Mama Mwangi, huyu mtoto amenichosha, na sisemi kwa ubaya. Mtoto hashikwi na kifua hivi hivi tu, tena na tena. Mpeleke hospitali kubwa mjini, wapime damu." Mama alikuwa ameshafunga mfuko wa nguo. Lakini sindano ya mwisho na jina jipya vilikutana, kisha likaja jua la Januari, na Hiti akanenepa. Cucu alitembea kijijini kama mtu aliyeshinda kesi. "Mtoto mzima unampeleka hospitali kuonyesha nini?" baba akauliza. "Meno?" Tukacheka wote, hata mama. Mfuko ukafunguliwa, nguo zikarudi kwenye kamba.

Kisha ikaja gathano, ile baridi ya Julai ambapo jua huonekana kama sarafu nyuma ya ukungu na majani ya chai hukaa na maji mpaka adhuhuri. Kikohozi kilirudi. Cucu alisema ni kifo kinanusanusa tu, kitaona ni fisi kiende zake. Basi wakasubiri. Asubuhi moja mama hakuuliza mtu. Alimfunga mgongoni, akanipa mfuko, tukateremka kuelekea barabara ya mjini. Nilikwenda nyuma yake nikisikiliza pumzi ile fupi fupi chini ya shuka, kama mtu anayekatakata majani makavu. Tulipofika kwenye kituo cha kununulia majani ya chai sikuisikia tena, nikafikiri amelala. Wanawake walikuwa wakichambua majani mezani, vidole vyekundu kwa baridi. Mmoja alimtazama mtoto akaacha kazi. "Mama Mwangi," akasema, "hebu mtoe mgongoni." Mama akamtoa. Akamwangalia. Akaita, "Gathogo," mara moja, kama mtu anayemwita mtoto aje kula.

Wanawake wale walisikia, na kabla ya maziko cucu naye alikuwa amesikia. Sikumbuki alichohubiri mchungaji. Nakumbuka cucu akisimama mlangoni mwa jikoni, bila hasira hata kidogo, akimwambia mama, "Ulikuwa unamwita. Kifo kikasikia." Mama hakubisha. Hilo ndilo lililonitisha kuliko jeneza: kwamba hakubisha. Alimwamini.

Mimi nilikwenda chuo kikuu nikajifunza kubishia kila kitu, na sasa ninaishi mjini, mtaa wa Skuta, katika nyumba ya mawe isiyo na moshi wala nyufa. Nilidhani mawe yanatosha. Mwanangu wa kiume alikuwa mnene miezi yake ya kwanza, kisha akaanza kukohoa. Daktari hakuuliza kuhusu baridi. Aliuliza, "Upande wa mama yako, kuna wavulana waliokufa wadogo?" Tukapimwa damu, mimi na mtoto. Kuna kasoro katika jeni inayobebwa na wanawake wazima wasioumwa hata siku moja. Mwanamke humpa binti kimya kimya, na mvulana akiipata, mwili wake hautengenezi kingamwili. Unene ule wa mwanzo ni kinga ya mama ambayo mtoto hutoka nayo tumboni, nayo huisha. Mwangi ilimkosa kwa bahati tu. Hiti hakupimwa kamwe, lakini sina tena cha kuuliza. Nilikimbilia Wamagana kumwambia mama kwamba halikuwa jina, kwamba jina halijawahi kuua mtu. Alisikiliza mpaka mwisho, mikono imetulia mapajani. "Kwa hivyo ni mimi," akasema. Nikamwambia ni sisi, mama yake, yeye na mimi, na kwamba hakuna aliyechagua. Akatikisa kichwa, akaenda kukama ng'ombe.

Sasa kila mwezi mwanangu hutundikiwa chupa ya kingamwili zilizochujwa kutoka damu ya watu nisiowajua. Inapokosekana mjini nasimama mlangoni mwa chumba chake nikisikiliza. Inapopatikana hucheza mpira kwenye ukungu kama watoto wengine. Nilikuwa nikiifikiria kuwa dawa ya siku hizi, zawadi ya karne hii, na wazo hilo lilinisaidia kulala. Mwaka jana nilimuuliza daktari ilianza kutumika lini. Madaktari walikuwa wakiwapa watoto wa aina hii kingamwili za watu wengine kabla mama yangu hajaolewa.