Wafalme Wawili wa Shemeji

Fundi wa meno bandia, mwanamke aliyeitwa na wateja wake Mama Meno, alikuwa mcheza karata za poka mwenye subira. Siku sita alichonga magego katika chumba chenye vumbi jeupe. Jumapili mchana alipanda ngazi hadi ukumbi ulio juu ya duka la matairi, akashindana.

Jumapili moja mambo yalimwendea mrama. Walipobaki watano, na zawadi ni za watatu, chipu zake, vile vidude vya plastiki vya kuwekea dau, zilitosha dau la lazima mara saba tu. Mwenye chipu chache haonjionji: ama anatupa karata, ama anasukuma zote katikati na kumwachia Mungu. Basi akawa anatupa, anakunja mikono, anasubiri.

Kando yake alikaa mwokaji mikate, mzee mpole, naye hali yake hiyo hiyo. Mzee akapata ree, karata kubwa kuliko zote, na mfalme, akasukuma zote. Akafuatwa na shemeji wa Mama Meno, mdogo wa mume wa mama huyo, mwenye kichuguu cha chipu, akiwa na saba moja na mbili moja, karata ambazo hata mlevi hutupa. Mezani zikafunuliwa saba nyingine mbili. Mzee akatoka.

"Pole, mzee. Ndiyo mchezo," shemeji akacheka.

Mara Mama Meno naye akapata ree na tisa. Akasukuma zote. Wengine wakatupa, akabaki shemeji, ambaye alitakiwa kuongeza kidogo tu. Akainua ncha za karata zake ili Mama Meno peke yake aone: wafalme wawili, jozi iliyokuwa ikizishinda zake. Akazitupa. Kisha akakonyeza.

Mama Meno akajiona kama aliyevishwa meno yaliyotoka kinywani mwa mtu mwingine.

"Umetupa kwa nini?"

"Shem, si unajua? Mla nawe hafi nawe ila mzaliwa nawe."

"Mimi na wewe tulizaliwa wapi pamoja? Na yule mzee je?"

Mama Meno akamwita msimamizi wa mashindano, akaeleza yote. Msimamizi alikuwa akichokonoa meno, wala hakutoa kijiti mdomoni. "Karata zake, katupa mwenyewe. Umebebwa, mama, bebeka."

Wale wachezaji wawili wengine wakajitia kutazama dari.

Kilichomtia kinyaa zaidi ni nafsi yake. Mikono yake ilikuwa imeshazivuta chipu zile, na raundi mbili nzima alicheza nazo. Aliposukuma tena, shemeji akatupa tena, akipiga miayo. Hapo akasimama, akachukua mkoba wake.

"Gawa mpaka chipu zangu ziishe kwa dau la lazima," akamwambia mgawaji. "Mimi sipo."

Nyumbani mumewe alikuwa ameshapigiwa simu na mdogo wake. "Mtu anakusaidia, wewe unamwaibisha mbele za watu?"

"Amenisaidia kuiba."

"Kuiba nini? Karata tu!"

Mama Meno akasukuma sahani kando, akaenda kulala.

Asubuhi yake, kabla ya kazi, alipitia kwa mwokaji na kumsimulia kila kitu, hata zile raundi mbili. Mzee alisikiliza huku akipangusa unga mikononi.

"Nilimwona shemeji yako jinsi anavyokutazama tangu mwanzo," akasema. "Nikajua mmepatana."

"Hatukupatana, baba. Naapa."

Mzee akamfungia mkate wake kwenye karatasi, akamwita mteja aliyefuata.