Gari la Kumlaza Mama

Mume wangu ni fundi cherehani, na fundi cherehani ukimtuma kununua gari, anakwenda na tepu. Simsengenyi, nilikuwepo. Tulifika yadi ya magari, dalali akafungua boneti atuonyeshe injini. Mume wangu akampita kama hakumwona, akazunguka nyuma, akafungua buti, akaingia kwa magoti na kuanza kupima sakafu.

"Bosi, injini iko mbele," dalali akamwambia.

"Najua," akajibu kutokea ndani. "Injini hailali huku."

Aliyetakiwa kulala huku ni mama yake. Mama mkwe wangu alianguka bafuni, goti likavunjika, wakaliwekea vyuma, na tangu hapo mguu wa kulia haukunjiki. Kila wiki anatakiwa hospitali kwa mazoezi. Daktari alituambia bila kuzunguka: akiyakatiza, nyonga nayo itakakamaa, na hapo hatasimama tena. Sasa mtu asiyekunja mguu humwingizi kwenye teksi. Tulikuwa tunakodi pikapu, tunamlaza nyuma kwenye godoro, tunapita naye mjini watu wakitukodolea macho. Siku moja mwanamume mmoja barabarani akavua kofia. Mama aliporudi alikaa kitandani, akasema, "Mimi si maiti, wala si kabati. Sipandi tena." Na mama akisema hapandi, ndiyo hapandi. Wiki hiyo hakwenda hospitali. Iliyofuata hakwenda.

Ndipo tukaanza kutafuta stesheni wagoni, lile gari la familia ambalo buti na viti vya nyuma ni chumba kimoja. Unalaza siti upande mmoja, unatandika godoro, mama ananyoosha mguu wake, na watoto wetu wawili wanabanana upande wa pili wakigombana kama kawaida yao. Hela ilitoka kwenye cherehani ya kudarizi tuliyoiuza, na haikuwa ya kuchezea. Kwa hiyo gari liwe mtumba, bei iwe ya watu kama sisi, na lisiwe linakunywa mafuta, maana safari ni ya kila wiki.

Ya bei yetu yalikuwa mawili tu. La kwanza dogo, rangi ya fedha, lina mkwaruzo mlangoni basi. "Hii hainywi mafuta, fundi," dalali akasema. "Inanusa tu." Siku zote dalali namsikiliza kwa sikio moja, lakini makenika wetu wa mtaani naye alilizunguka, akaingia uvunguni, akatoka akisema hana neno. La pili lilikuwa refu, la buluu, injini kubwa. Makenika aliliwasha, akatazama mshale wa mafuta, akalizima upesi kwa kutuonea huruma.

Mimi nikasema dogo. Mume wangu akatoka butini na tepu shingoni.

"Dogo halimtoshi mama. Limepungua vidole vitatu."

"Vidole vitatu tu? Si atainamisha shingo kidogo?"

"Mama watoto, goti tayari halikunjiki. Unataka tuharibu na shingo?"

Haya. Nikamwachia, jambo ambalo huwa silifanyi.

Hapa lazima nieleze kitu. Mume wangu hapimi watu wa nyumbani kwake. Wateja anawapima, tena anarudia, lakini sisi anatujua kwa kichwa na anajivunia hilo. Kutupima anaona aibu, kama mtu kuulizia njia ya kwenda kwake. Baada ya mtoto wa pili alinishonea gauni kwa vipimo vyake vya kichwani, likanikwama mabegani nikabaki nimeinua mikono kama nimekamatwa na polisi. Nilipiga kelele mtaa mzima ukajua kiuno changu kina inchi ngapi. Tangu siku hiyo mimi ananipima. Mama yake hajalalamika hata mara moja. Kila mwaka anamshonea magauni marefu, kutoka begani hadi kisiginoni inchi hamsini na mbili, na kila gauni linamkaa mama vizuri, pindo limegusa kisigino, halizidi wala halipungui.

"Unaona?" huwa ananiambia. "Mama hana maneno."

Basi akarudi yadi, akapima. Akarudi tena, akapima. Sijui alitegemea gari litarefuka. Mwishowe akaja na habari kwamba anachukua la buluu.

"Hilo litakaa hapo nje kama banda la kuku," nikamwambia. "Mafuta utalipia nini, vifungo?"

"Nitashona usiku."

"Usiku tayari unashona!"

Nilikuwa na hasira, lakini nilimwona anavyochungulia chumbani kwa mama, ambaye alikuwa amelala akitazama ukuta kwa wiki ya tatu sasa. Kuondoka kitandani kwenda chooni tu kulikuwa kunamtoa jasho. Nikaogopa, sisemi uongo.

Asubuhi ya kwenda kulipa, tukasikia honi mlangoni. Dalali yule, kaja na lile dogo la fedha.

"Shemeji, hujambo. Fundi, la buluu nitakuuzia, hela ni hela. Lakini mafuta yatakushinda, utanirudishia na kunitukana, na mimi uso wako nimeuchoka. Mama ajaribu hili kwanza."

"Nimeshapima."

"Umepima gari. Mama umempima lini?"

"Nimpime wa nini? Mama namjua."

Kutoka ndani tukasikia magongo yanagonga sakafu. "Nakuja," mama akasema. "Niacheni nilione hilo gari mnaloligombania."

Alitoka na gauni lake la kijani, akihema. Tukalaza siti, tukatandika godoro, mume wangu na dalali wakambeba, wakamlaza, kichwa nyuma ya kiti cha dereva. Mume wangu akashika mlango wa buti, akaushusha taratibu, akingoja ugonge kisigino. Ukafunga. Akaufungua. Akaufunga tena, ukafunga tena. Akaufungua, akaingiza vidole vyake viwili kati ya kisigino cha mama na mlango unapofikia. Vikaenea.

"Mama, umekunja mguu?"

"Kwa goti lipi?"

Akavua tepu shingoni. Akampima mama yake, begani hadi kisiginoni, akasoma, akapima upya. Arobaini na nane. Midomo yake ilikuwa inahesabu bila sauti. Kisha akashika pindo la lile gauni la kijani, akaligeuza, na mimi nikainama nikaona. Ndani ya pindo lake la cherehani palikuwa na pindo jingine, pana, limeshonwa kwa mkono, mishono midogo midogo inayopandana kama ya mtu asiyeona vizuri.

"Hili nani kakunja?"

"Mimi."

"Na yale mengine?"

"Yote, mwanangu. Miaka sasa, tangu uzee uanze kunipunguza."

"Jamani, mama! Kwa nini hukuniambia?"

Mama akatazama paa la gari. "Ulikuwa unafurahi sana yakinitosha."

Dalali, ambaye nilidhani anaongea mpaka usingizini, alikuwa anachunguza ule mkwaruzo wa mlangoni. Baadaye akakohoa.

"Kwa hiyo, bosi... linatosha?"

"Linabaki," mume wangu akasema, akakaa kwenye ukingo wa buti, akalia. Na mimi nikalia. Kwanza nilikuwa nimemkasirikia mama, halafu mume wangu, halafu sikujua namkasirikia nani.

"Mkimaliza kulia," mama akasema, "mmoja wenu aendeshe. Mimi nimeshalala, na hospitali wanafunga mchana."

Aliyeendesha ni dalali, kwa sababu gari lilikuwa bado lake. Nilikaa mbele. Mume wangu alijikunja nyuma kando ya mama, na njia nzima hakuliachia lile pindo.