Kikao cha Dirishani, Upande wa Kinsevere

Nilikubali safari hii kwa udadisi, nisijifanye mtakatifu. Chama cha wanawake cha mtaani kwetu Lubumbashi kilimwalika Luz, mwanamke mwenye asili ya Meksiko aliyezaliwa Texas. Kazi yake ni kuwapeleka wanawake wenzake wa Kilatini bungeni kudai haki zao za uzazi: kliniki, dawa, na kuamua wenyewe wazae lini. Alikuwa na Kifaransa, hana Kiswahili. Mimi hufundisha Kifaransa, basi nikaombwa kumtafsiria, na nilitaka sana kujua mwanamke anamwelezaje mbunge habari za tumbo lake bila kufa kwa aibu.

Uwanja wa ndege wa Luano, asubuhi. Kabla hatujafika mjini Luz alikuwa ameshaniuliza nina watoto wangapi na kama nilipanga kuwapata. Nilicheka hadi dereva akageuka. Kwetu hata dada yako hakuulizi hivyo.

"Kwetu pia ni vigumu," alisema. "Ndiyo maana tunaanzia jikoni. Mama anatusimulia yaliyompata tukinywa kahawa. Siku ya bunge anayasimulia hayo hayo, uso kwa uso na mbunge."

Siku ya pili tulishika njia ya Kinsevere. Malori ya madini yalitumwagia vumbi jekundu mpaka kwenye kope, na Luz akataka kujua kila lori linakwenda wapi. Kijijini tulipokelewa na Mama Feza, mkubwa wa akina mama wa kanisa, na binti yake Aimée, mtoto mchanga mgongoni.

Jikoni kwao, tukila bukari, ugali wetu, na samaki, tulipata kisa chenyewe. Aimée alipojifungua mtoto huyo alivuja damu nusura afe, na daktari akamwonya asibebe mimba nyingine upesi. Mumewe alikuwa Kilwa ya Ziwa Mweru kwenye biashara ya samaki, angerudi Jumamosi. Aimée alikuwa amekwenda zahanati kuomba sindano ya kuzuia mimba. Muuguzi akamwambia amlete mume kwanza.

"Sheria haiombi ile," muuguzi alikiri tulipomwendea pamoja na Aimée, kwa Kiswahili chetu cha Katanga kinachosema "bantu" kwa watu na "njo" kwa ndiyo. "Lakini bwana ya mwanamuke moja alikuya hapa kunitukana, karibu anipige. Kama Honorable anasema ile mbele ya bantu, nitachoma sindano hata leo."

Honorable ni mbunge wa jimbo, na kesho yake alikuwa anakuja kusalimia wapiga kura.

"Mungoje tu Jumamosi," Aimée alisema, "njo mutanipatia sindano na mimba pamoja!"

Tulicheka. Lakini niliogopa kwa ajili yake.

Asubuhi iliyofuata, ukumbi wa kanisa ulijaa wanakijiji, muuguzi akiwa mmoja wao. Luz na mimi tulipanga viti kwa ustadi wetu wote: cha Honorable, na mbele yake, uso kwa uso, cha Mama Feza, aliyekubali kusimulia. Honorable aliingia akitabasamu, akamwona mama huyo, akageuka na kutoka mbio hadi kwenye gari lake.

"Ile ni muko wangu!" Mama Feza alininong'oneza. "Alioa mutoto wangu ya kwanza. Namna gani atakaa mbele yangu?"

Kijiji kizima kilijua, na hakuna aliyefikiri kutuambia. Kwetu mkwe na mama mkwe hawatazamani, sembuse kuzungumzia uzazi.

Luz akapendekeza Aimée aseme mwenyewe.

"Aimée ni belle-sœur, shemeji yake," Mama Feza akakataa. "Banacheka pamoja kila siku. Atafikiri ni mchezo."

Kisha akabeba kiti chake, akatoka nje, akakiweka chini ya dirisha na kujifunika kichwa kwa kitenge. "Mumuambie aingie. Miye siko mule ndani."

Luz alikasirika. "Mwenye kisa ndiye anakaa nje?" Nilikwenda kumwita Honorable garini. Hata mimi nilikuwa na hamu ya kuona itakuwaje.

Honorable alirudi, akaketi, akainamisha kichwa. Sauti ikaingia dirishani.

"Weye ukuta, unisikie. Damu ya mutoto wangu nilipokea na beseni. Nilimuita jina, hakuitika. Leo banamuambia angoje bwana. Bwana njo alitoka damu? Kama Aimée anakufa, bale batoto nani atabalea? Miye nimezeeka."

Honorable alifungua mdomo mara moja, akaufunga. Mkwe hamkatizi mama mkwe, wala habishani naye. Mama Feza alisema mpaka akamaliza, mimi nikimtafsiria Luz sikioni, naye akanishika mkono kwa nguvu. Bungeni kwao, alininong'oneza, huzima kipaza sauti mtu akiwa bado analia.

Kwa kuwa hakuweza kumjibu mama mkwe, Honorable alimgeukia muuguzi. "Mwanamuke mwenyewe njo anaamua. Muntu akikuya kukutukana, umulete kwangu. Na ku assemblée, kule bunge, nitasema hivi hivi."

Aimée hakungoja makofi yaishe. Alinipa mtoto, akavuka na muuguzi hadi zahanati, bila mume, akatoka amebana pamba kwenye mkono.

"Balikuchoma?" mama yake aliuliza.

"Balinichoma, mama."

Mama Feza akalia waziwazi, kitenge kikiwa bado kichwani, nami nikalia naye.

Jioni, tukirudi mjini, Luz aliniuliza maswali ya ukwe mpaka sauti ikanikauka. Miaka yote nimeilaumu heshima hiyo kwa kutufunga midomo sisi wanawake. Siku ile niliiona ikimfunga mdomo mbunge, na Aimée akapata sindano yake kabla ya Jumamosi.