Mama Baridi na Sifuri

Fundi wa mtambo wa kupoza, ambaye maabara nzima humwita Mama Baridi, huzuia pumzi kila anaposhika kwa kibano kigae kilichopakwa metali nyembamba isiyoonekana kwa macho. Hukifungia mtamboni, hupapasa kila bomba kwa vidole viwili, kisha hukinong'oneza, "Taratibu, mwanangu." Kwa miezi saba umeme ulipita humo kwa kukwamakwama, hata profesa akaanza kukata tamaa. Alhamisi asubuhi, baridi ilipofikia upeo wake, ukinzani ulishuka, ukashuka, ukawa sifuri. Mama Baridi aliigonga mita akidhani imekufa. Ilikuwa nzima.

"Profesa, njoo! Umeme unateleza bila kizuizi!"

"Una hakika?"

"Sifuri ni sifuri, baba. Hata mjukuu wangu anaijua."

Profesa akavua miwani, wakacheza pamoja katikati ya mabomba.